Kuigiza Everyman Bagamoyo: Mauti, daftari na kaburi

Everyman ni mchezo wa Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 15, ambamo sifa na mambo ya maisha, kama Urafiki au Mali, yanaigizwa kama watu, ndugu wa Elckerlijc wa Kiholanzi uliochapwa 1495. Mungu anamtuma Mauti kumwita Kila Mtu (ndiye Everyman) akatoe hesabu ya maisha yake, naye anahangaika kutafuta wa kumsindikiza. Mistari ni 900 na ushei. Tengeni saa moja na nusu. Kwenye uwanja wa parokia, chini ya miembe, anzeni saa kumi jioni ili mmalize kabla ya adhana ya magharibi.

Wahusika ni 17, lakini waigizaji tisa wanatosha. Urafiki arudi kama Nguvu, Ndugu kama Busara, Binamu kama Hisi Tano, Mali kama Uzuri. Watazamaji wataona sura zilezile zikikimbia mara ya pili. Uzuri ndiye wa kwanza kuondoka kaburini, kwa hiyo ana muda wa kubadili nguo awe Malaika. Mungu asionekane, sauti tu itoke nyuma ya pazia.

Mauti asipakwe majivu wala kuvikwa mifupa ya maboksi. Ni tarishi aliyeleta wito, basi. Anapoahidiwa pauni 1,000 ili aahirishe, akatae bila kupandisha sauti. Msizigeuze kuwa shilingi, watu wataanza kupiga hesabu.

Daftari la hesabu ya matendo ya Kila Mtu liwe lile refu la mikopo dukani. Nunueni mawili ya jalada moja: moja mlivuruge kwa wino na maji mpaka herufi zisisomeke, jingine libaki safi kwa ajili ya mwisho, Malaika anaposema hesabu imenyooka. Anayeyabadilisha ni Maarifa, wakati anamvika Kila Mtu vazi la toba (kaniki inatosha kabisa).

Matendo Mema amelala chini, amefungwa kamba ya katani kwa fundo la kuteleza. Kosa la kawaida ni kuinuka mapema, Maungamo akiwa bado anazungumza. Asubiri mpaka Kila Mtu ajichape kwanza. Toba ndiyo inayomwinua. Na mkeka wake uwe mbele kabisa, la sivyo waliokaa nyuma hawamwoni.

Ili asimsindikize, Binamu anasingizia kidole cha mguu kimekakamaa. Acheni watu wacheke.

Kaburi lisichimbwe. Pangeni meza nne, mbili kila upande, na pengo la sentimita 80 katikati lililozungushiwa shuka jeusi, chini godoro. Pengo likiwa dogo, Kila Mtu na Matendo Mema watasukumana na kicheko kitaua yote mliyojenga. Kuondoka kufuate mpangilio: Uzuri, Nguvu, Busara, Hisi Tano. Kila mmoja apewe pigo moja la ngoma, kisha kimya cha pumzi tatu. Maarifa abaki ukingoni akiangalia; yeye haingii.