Jinsi ya kupunguza msongamano wa mabango mtaani: maelekezo ya mchora mabango wa Moshi

Huu ni mwaka wa 19 nachora mabango ya maduka hapa Moshi, kwa hiyo jambo hili linanihusu. Mtaa ukijaa maandishi, watu huacha kutazama, na huuona mchafu hata kama umefagiliwa alfajiri.

Anza kwa kuangalia. Nenda saa 12 na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika Kibo. Simama ng'ambo ya barabara, fumba macho nusu. Kinachobaki ndicho anachokiona abiria wa bodaboda. Kisha hesabu kila kinachotaka kusomwa. Mwaka jana nilihesabu mbele ya duka la mama mmoja wa vitenge karibu na Soko Kuu: vitu 41. Mganga, vyumba vya kupanga, tamasha lililokwisha, sura za wagombea, namba za simu za rangi ya kupuliza. Jina la duka lake lilikuwa la 42.

Kazi yenyewe ni kuondoa yaliyokufa. Lowesha karatasi kwa maji ya moto yenye sabuni, subiri dakika 10, ndipo ukwangue. Usikwangue kavu! Rangi ya ukuta hutoka, linabaki doa jeupe, na doa jeupe huita tangazo jingine. Nguzo za umeme usizipandie ngazi. Bango ambalo mwenyewe yupo, mwombe kwanza. Likizua ubishi, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa.

Halafu bango lako. Jina na unachouza, basi. Herufi za sentimita 10 husomeka bila taabu kutoka mita 12 hivi. Rangi mbili zinatosha, na namba ya simu iandike mlangoni.

São Paulo, Brazil, walipiga marufuku mabango ya matangazo kwa sheria iliyoanza kutumika 2007, na sura za majengo ya zamani zikaonekana tena. Mimi sitaki tufike huko, maana bango zuri humsaidia mgeni asipotee. Nataka tu lisomeke.

Yule mama tulimbakizia mabango 3. Wiki hiyohiyo binti mmoja akaingia: "Shikamoo mama, umefungua lini hapa?" Yupo pale miaka 8.

Rudi na ndoo kila baada ya siku chache. Karatasi mpya zitakuwepo, ila gundi ikiwa bado mbichi hutoka hata kwa maji baridi.