Maziwa na utomvu wa papai: ukungu usipotoka ufanye nini

Mradi wenyewe ni mwepesi kueleza. Utomvu wa papai bichi una papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini. Weupe wa maziwa yasiyo na mafuta unatokana na kaseini, protini yake kuu. Ikikatwakatwa, maziwa yaliyozimuliwa huanza kupitisha mwanga. Tatizo ni pale ukungu, yaani weupe huo unaozuia mwanga, unapogoma kutoka, au unapozidi. Usibadilishe vipimo ovyo. Anza hivi.

1. Chemsha nusu ya utomvu

Zimua utomvu kwa maji, uchuje (wenyewe ni mweupe, utakudanganya), kisha uugawe. Nusu moja ichemshe ili kimeng'enya chake kife, robo saa au zaidi, kwa kuwa papaini ni sugu kwa joto kuliko vimeng'enya vingi. Ikipoa, tia kiasi kilekile cha kila nusu kwenye neli mbili zenye maziwa ya aina moja. Vaa glavu na miwani. Utomvu huo huwasha ngozi na ni hatari kwa macho.

Wengi huiruka hatua hii, halafu wanabaki kubahatisha.

2. Linganisha neli mbili

*Maziwa yamekatika kwenye zote mbili.* Hapo shuku asidi. Kaseini huganda pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikishuka hadi karibu 4.6. Huwapata hasa wanaotumia nanasi badala ya papai: lina bromelaini, kimeng'enya cha kazi hiyohiyo, lakini juisi yake ina pH kati ya 3 na 4. Iongezee baikaboneti ya soda kidogo kidogo, ukipima kwa karatasi ya pH, mpaka ikaribie 7. Ndipo uimimine kwenye maziwa. Juisi ya kopo au ya boksi achana nayo. Imeshapitishwa kwenye moto kiwandani.

*Yamekatika kwenye neli ya utomvu mbichi tu.* Usimwage! Kimeng'enya kinafanya kazi. Kaseini huelea kwa chembe ndogo ndogo, na sehemu yake ya nje ndiyo inayozizuia zisishikane. Papaini ikiikata hiyo mapema, chembe hugandana kuwa mabonge kabla hazijasagwa. Tumia maziwa mepesi zaidi: gramu 1 ya unga wa maziwa kwa mililita 100 za maji. Koroga mara tu unapochanganya, kisha subiri.

*Hakuna kilichobadilika.* Huenda papai lilikuwa limeiva, na papai bivu halina utomvu wa maana. Au maji ni ya baridi. Wanafunzi hung'ang'ania nyuzi 37 kwa sababu ndilo joto la mwili wa binadamu, ilhali papaini ya mpapai huchapa kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi 60 hivi. Ziweke neli ndani ya bika ya maji ya moto, na kipimajoto kikae humo humo.

*Ukungu umepungua, kisha ukakwama.* Angalia pakiti ya maziwa. Papaini haigusi mafuta, kwa hiyo maziwa yenye mafuta hayatang'aa hata ukisubiri mpaka kesho.

3. Sasa ndipo upime

Chora X kwenye karatasi nyeupe, uibandike nyuma ya neli, kisha anza kuhesabu sekunde mara unapochanganya hadi X ionekane. Mwangaliaji awe yuleyule na taa ileile, maana macho ya watu wawili hayakubaliani kuhusu "imeonekana". Rudia mara tatu kwa kila joto. Neli ya utomvu uliochemshwa isipoonyesha X baada ya dakika 10, andika "zaidi ya dakika 10", si sifuri.