Kabla Kamba Haijafunguliwa: Mwongozo kwa Abiria wa Meli, Boti na Kivuko

Abiria wengi huanza kuufikiria usalama wao pale chombo kinapoanza kulala ubavu, na kufikia hapo mengi waliyoweza kuyafanya yamekwisha kuwapita. Ukizipitia ajali kubwa za maji yetu, kuanzia MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 hadi MV Nyerere iliyopinduka kwenye kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, utaona kwamba hatari ilipakiwa pamoja na mizigo chombo kikiwa bado kimefungwa gatini. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa gatini kwa muda mrefu kuliko unavyokaa majini.

Gatini

Kabla hujakata tiketi, simama mahali unapoweza kukiona chombo kizima na ukitazame kinavyokaa majini. Kwenye ubavu wa meli nyingi, katikati, pamechorwa duara lililokatwa na mstari mlalo: hiyo ni alama ya ujazo, na ikiwa imezama majini basi chombo kimebeba kuliko kinavyoruhusiwa, hata karani akuambie nini. Tazama pia kama kimeinamia upande mmoja kabla hakijaondoka. Ndani, kwa kawaida karibu na mlango au kwenye chumba cha nahodha, hubandikwa cheti au kibao chenye idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Isome idadi hiyo, kisha uwatazame watu waliopo. Huhitaji kumhesabu kila mmoja ili kutambua kwamba chombo cha watu 100 kimebeba mara mbili ya hapo. MV Nyerere iliruhusiwa kubeba watu 101. Siku ilipopinduka ikitoka Bugolora, siku ya mnada, waliokufa peke yao walizidi 220.

Jambo la pili ni mahali mizigo ilipowekwa, nalo ndilo ambalo abiria wachache hulitazama. Magunia ya mahindi yaliyopangwa chini kabisa hukituliza chombo, ilhali magunia yaleyale yakipandishwa sitaha ya juu, pamoja na watu waliokwenda huko kutafuta upepo, hukifanya kiwe chepesi kupinduka hata kama uzito wote haujabadilika. Maji yaliyoingia ndani ni hatari zaidi, kwa sababu hayatulii. Aliyewahi kubeba ndoo kichwani anaijua hali hiyo: ndoo ambayo haikujaa humyumbisha mbebaji kuliko iliyojaa, maana maji hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito, na ndiyo sababu wachota maji huweka tawi la majani au kisahani juu ya maji ili yasichezecheze. Chombo kilichoingiwa na maji sakafuni hakina tawi la kuyatuliza. Kila kikiinama, maji hukimbilia kulekule.

Ukiona dalili hizi, usipande. Najua si shauri rahisi kwa mtu mwenye msiba Pemba, au mwenye bidhaa zinazooza, au ambaye chombo kijacho ni cha kesho kutwa. Hata hivyo, usiku wa tarehe 9 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipokuwa ikipakia Unguja kuelekea Pemba, wapo walioona jinsi ilivyojaa wakakataa kupanda. Iliondoka yapata saa tatu usiku, na kufikia saa saba ilikuwa imekwisha kuzama upande wa Nungwi. Ilikuwa imeidhinishwa kubeba abiria wasiofika 700, na tume iliyochunguza ilieleza kwamba ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 2,000. Ukikataa kupanda, usinyamaze: mwambie ofisa wa bandari, na ikiwezekana uipeleke taarifa kwa mamlaka husika, ambayo kwa Tanzania Bara ni Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, na kwa Kenya ni Mamlaka ya Usafiri wa Majini. Picha ya simu inayoonyesha jina la chombo na maji yalipofikia ubavuni ina nguvu kuliko malalamiko ya mdomo.

Toa jina lako kamili kwa karani, na majina ya watoto wote, hata anayebebwa mgongoni. Usisafiri kwa tiketi yenye jina la mwenzako kwa sababu tu nafasi zimejaa. Abiria wa daraja la tatu wa MV Bukoba hawakuwa na orodha, na ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa, inayokadiriwa kupita 800, inatajwa kwa makadirio tu.

Kuhusu hali ya hewa, sikiliza utabiri wa bahari na maziwa makuu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa miezi ya kusi, upepo utokao kusini. MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam, katika upepo mkali wa majira hayo. Nahodha akiahirisha safari kwa ajili ya bahari kuchafuka, wanaomzomea wanamzomea mtu pekee aliye upande wao.

Dakika kumi za kwanza ndani

Ukishapata mahali pa kukaa, tafuta jaketi okozi kwa mikono yako, si kwa macho tu. Niliwahi kusafiri usiku katika chombo ambacho majaketi yake yalipangwa vizuri darini, yamezungushiwa kamba ili yasianguke. Nilipojaribu kuchomoa moja, fundo lilikuwa limekazwa na chumvi na vumbi la miaka, na baharia niliyemwita alilihangaikia kwa vidole, kisha kwa meno, na mwisho akaenda kutafuta kisu. Bahari ilikuwa shwari na taa zilikuwa zinawaka. Tangu siku hiyo sikai mpaka niwe nimelitoa jaketi moja, nimelivaa, nimelifunga kamba zake zote na kulirudisha, na wanaocheka nawaacha wacheke.

Ukilijaribu, hakikisha linabana kiunoni, kwa sababu jaketi lisilofungwa hupanda usoni ukiwa majini na mwili ukateleza chini yake. Angalia kama lina filimbi na taa. Mtoto asivalishwe jaketi la mtu mzima: kwa viwango vya kimataifa, la mtu mzima ni la mwenye kilo 43 na kuendelea, la mtoto ni kuanzia kilo 15, na mchanga wa chini ya hapo ana lake. Likikosekana la mtoto wako, uliza kabla kamba hazijafunguliwa.

Kisha ifahamu njia ya kutokea. Hesabu safu za viti kati yako na mlango ulio karibu, na tena hadi mlango wa pili, kwa kuwa umeme ukikatika, au moshi ukijaa, utazipapasa safu hizo kwa mkono. Kama mlango umezibwa na mabegi, sema. Ukiwa na hiari ya kuchagua, kaa sitaha yenye njia fupi ya kutoka nje, na usilale katika chumba cha chini kabisa kwa ajili ya kukwepa kichefuchefu. Kwa hilo, kaa katikati ya chombo, tazama upeo wa macho, utafune tangawizi.

Kwenye vivuko vya magari, shuka garini. Dereva avute breki ya mkono, aweke gia, na magurudumu yawekewe vigingi. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo lilirudi nyuma kutoka kivuko cha MV Harambee pale Likoni, Mombasa, likatumbukia baharini na watu wawili ndani yake, na ilichukua karibu wiki mbili kulitoa kwenye kina cha mita zipatazo 58. Kaa mbali pia na kamba nene zilizokazwa wakati wa kufunga chombo, kwa kuwa ikikatika hurudi kwa kasi inayoweza kuvunja mguu.

Wakati wa kufika

Sehemu ya safari ninayoiogopa kuliko zote ni ile ambayo abiria huwa wameshatulia, yaani mita mia za mwisho. Watu husimama, hubeba mizigo yao na kusogea wote upande wa gati ili wawe wa kwanza kushuka, na chombo kilichojaa hakiwezi kuustahimili uzito huo unaohama kwa pamoja. MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakisha makumi ya mita kufika gati la Bwisya, Ukara. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, chombo kilichotoka Minova kilizama kikiwa kinatia nanga Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea ndugu zao. Basi kaa kitini mpaka kamba zifungwe na ngazi iwekwe. Ukiona umati unakimbilia upande mmoja, wewe usiufuate, na uwaambie walio karibu nawe wakae.

Hatari ikitokea

Ishara ya kimataifa ya dharura ni honi au kengele saba fupi zikifuatiwa na moja ndefu. Ukiisikia, vaa jaketi, acha mabegi, mshike mtoto, uende mahali pa kukusanyikia, ambapo karibu kila mara ni nje kwenye sitaha. Wasikilize mabaharia, lakini kama chombo kinaendelea kulala na hakuna agizo lolote, subiri nje, si ndani. Katika meli ya Sewol ya Korea Kusini, tarehe 16 Aprili 2014, matangazo yaliwataka abiria wabaki walipo, na zaidi ya 300 wakafa, wengi wao wanafunzi. Jaketi la kujazwa upepo usilijaze ukiwa ndani ya chumba, kwani maji yakipanda litakubana darini na hutaweza kupiga mbizi kuufikia mlango.

Ikibidi kuingia majini, shuka kutoka sehemu iliyo karibu na maji kuliko zote, miguu ikitangulia, mkono mmoja ukilivuta jaketi chini na mwingine ukiziba pua. Jitenge na chombo kwanza, kwa sababu mizigo huibuka kwa nguvu. Kisha usiogelee kuelekea taa za pwani, ambazo usiku huonekana karibu kuliko zilivyo. Shikilia chochote kinachoelea. Baadhi ya walionusurika wa Spice Islander walielea juu ya magodoro yaliyokuwa sehemu ya shehena. Mkiwa wengi, kaeni kwa kushikana, watoto wakiwa katikati, mkipokezana filimbi badala ya kupiga kelele, maana sauti hukauka upesi na mayowe huruhusu maji ya chumvi kinywani.

Ukiokolewa, usiondoke kimyakimya na bodaboda ya kwanza, hata kama hujaumia. Mtafute anayeandika majina, utaje lako na la kila uliyesafiri naye, kwa kuwa mpaka hapo, kwenye karatasi ile, wewe bado unatafutwa na wapiga mbizi.