Mbili ya Shupaza na Ghulamu wa Shupaza: namna ya kusoma kusita na udadisi vikija pamoja

Mbili ya Shupaza ikifunuliwa mezani na pembeni yake ikaanguka Ghulamu wa Shupaza, msomaji mgeni wa karata za taroti, zile karata za picha zinazotumiwa kumsomea mtu hali yake, hukimbilia kusema kwamba ya kwanza ni ugonjwa na ya pili ni dawa: huyu anasita, basi na aulize maswali, mambo yatamnyookea. Usomaji huo si wa uongo, ila ni mwepesi mno, kwa kuwa kuuliza-uliza kwenyewe huweza kuwa namna nyingine ya kusita. Yeyote anayetaka kuzisoma karata hizi mbili kwa uangalifu hana budi kwanza kujua ni udadisi wa namna gani ulioketi mbele yake.

Tuanze na majina, maana hapa mchezaji wa karata anayesema Kiswahili ana bahati. Kopa, shupaza, uru na pau ni maneno yaliyotujia kutoka Kireno, na katika lugha hiyo yalimaanisha vikombe, panga, dhahabu na magongo, ambazo ndizo alama nne za karata ndogo za taroti mpaka leo. Kwa hiyo anayeita karata hizi shupaza hakosei hata kidogo. Amerudi kwenye maana ya kale. Seti nzima ina karata 78, yaani kubwa 22 na ndogo 56, na kila alama katika zile ndogo ina karata kumi za namba na nne za watu: ghulamu, farisi, malkia na mfalme. Neno ghulamu nimelichagua kwa sababu linamtaja kijana anayetumika katika nyumba ya mkubwa, anayetumwa huku na huku na kurudi na habari, na hiyo ndiyo kazi ya kijana huyu.

Angalizo moja kwa wasomaji wa Uganda: wingi wa upanga ni panga, na panga kwetu ni kifaa cha shambani cha kukatia migomba, au silaha ya mwizi wa usiku. Mtu asiyezijua karata hizi akiona panga mbili zimelala mbele yake anaweza kushtuka. Mwambie mapema kwamba alama hii huhusishwa na hewa, na kwamba husomwa kama akili, maneno, hoja na ukweli unaokata. Mwambie pia kwamba wewe si mulaguzi na hupigi ramli. Karata hizi zilianza kama mchezo wa kawaida huko Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na ni katika karne ya 18, nchini Ufaransa, zilipoenea kutumika kwa kubashiri. Ukiyasema hayo kabla ya kuchanganya karata, unajipunguzia lawama nyingi za baadaye.

Kisha tazama picha kabla ya kufungua kinywa. Ninazozieleza hapa ni picha za seti iliyochapishwa London mwaka 1909, iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Katika seti nyingi zilizotangulia, karata za namba zilikuwa na alama zilizopangwa tu, kama karata za kawaida tunazochezea mchezo wa matatu, kwa hiyo aliye na seti ya aina hiyo hatamwona mwanamke ninayemtaja wala bahari iliyo nyuma yake.

Katika Mbili ya Shupaza mwanamke ameketi juu ya kiti cha jiwe, amefungwa kitambaa machoni, amekunja mikono kifuani, na katika kila mkono ameshika upanga mrefu ulioelekea juu kupitia begani. Nyuma yake kuna bahari yenye miamba, na angani kuna mwezi mwembamba. Wasomaji wengi huishia kwenye kitambaa, wakasema haoni. Mimi humwomba anayejifunza aitazame mikono. Mwanamke huyu hawezi kujivua kile kitambaa maadamu mikono yote miwili imeshika panga. Ili aone, ni lazima aweke chini angalau upanga mmoja. Kusita kwake, basi, hakutokani na giza peke yake. Kunatokana na kukataa kuachilia lolote kati ya mawili aliyoyakumbatia, jambo ambalo wahenga walilitolea onyo waliposema mshika mawili moja humponyoka. Yeye hajaponyokwa na kitu bado, na ndiyo maana amekaa kimya hivyo.

Ghulamu wa Shupaza ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Amesimama, au tuseme anatembea, juu ya ardhi yenye mabonde na vilima; upepo unampeperusha nywele, mawingu yamevurugika, na ndege wanaruka juu yake. Ameushika upanga mmoja kwa mikono miwili, uso umegeukia upande huu na upanga umeelekea upande ule, kana kwamba amesikia kitu nyuma yake. Macho yake yako wazi. Hesabu panga: kwa mwanamke zilikuwa mbili, kwa kijana ni mmoja. Kwangu hicho ndicho kiini cha jozi hii. Kijana huyu hakuja kumletea mwanamke jibu, amekuja kumwonyesha kwamba hoja moja ikishikwa kwa mikono miwili inaweza kuchunguzwa, ilhali mbili zikishikwa kwa pamoja hubebwa tu.

Inafaa pia kujua kwamba maana hizi zimesogea kadiri miaka ilivyopita. Waite alipoieleza Mbili ya Shupaza alitaja mizani iliyotulia, ujasiri, urafiki, na mapatano ya watu walio na silaha mikononi. Kwa Ghulamu alitaja uangalizi, upelelezi na uchunguzi. Kusita na udadisi ni maneno yaliyokuja kutawala baadaye. Usizitupe zile maana za awali, kwa sababu zinafundisha. Anayesita mara nyingi ana amani ya aina fulani, amani ya suluhu ambayo hakuna upande ulioshinda, na atailinda. Na anayedadisi huwa anapeleleza, hata kama hataki kuitwa mpelelezi.

Baada ya hapo, angalia ni karata ipi iliyotangulia. Mbili ikitangulia na Ghulamu akafuata, kwa kawaida nasoma kwamba mkwamo ni wa zamani na sasa kuna jambo la kuulizia. Ghulamu akitangulia na Mbili ikafuata, hali ni ngumu zaidi: mtu amekwisha kuuliza, ameuliza wengi, na wingi wa majibu ndio uliomfunga kitambaa. Huyu wa pili usimwambie akatafute habari zaidi. Muulize ni jibu lipi kati ya yale aliyoyapata lililomuudhi, kwa sababu mara nyingi hilo ndilo analolijua kuwa kweli.

Karata zikianguka kichwa chini, sina mengi ya kusema. Mbili iliyopinduka naisoma kama upanga unaoanza kuteleza, yaani uamuzi utakaokuja mtu apende asipende. Ghulamu aliyepinduka ni ulimi uliotangulia masikio. Wako wasomaji wasiozipindua kabisa, na kwa jozi hii hawapotezi kitu kikubwa.

Sasa tuchukue mfano, kwa maana kanuni bila mfano haishiki. Tuseme mama mmoja anayeuza vitenge katika soko la Owino, Kampala, ameweka akiba ya miaka kadhaa, na dalali amemwonyesha kiwanja upande wa Mukono. Anakuja kwako na swali: “Ninunue au nisinunue?” Karata zinaanguka kama tulivyoeleza, Mbili kwanza, Ghulamu baadaye. Kosa la kwanza ni kulijibu swali hilo. Swali la ninunue au nisinunue limekwisha kukunjwa kifuani kama zile panga mbili, na ukilijibu umeongeza tu uzito wa mmoja wapo.

Mwambie kwa upole: “Mama, tuzipe panga zako majina kwanza.” Atakuambia kwamba upanga mmoja ni hofu ya kutoa fedha kwa ardhi yenye mgogoro, na wa pili ni hofu kwamba akichelewa bei itapanda na dalali atamgeukia mteja mwingine. Hizo ni hofu halali zote mbili. Sasa uliza swali la kitambaa: ni jambo gani kuhusu kiwanja hiki ambalo hujalitazama, na ambalo ungeweza kulitazama kesho ukitaka? Nyamaza umngojee. Anaweza kukiri kwamba hajajua kama muuzaji ana hati, au ni mwenye kibanja tu juu ya ardhi ya mtu mwingine. Kwa Uganda hilo si jambo dogo. Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi, yaani wa kimila, wa milki huru, wa mailo na wa kukodisha, na katika ardhi ya mailo mwenye hati anaweza kuwa mtu mmoja na mwenye kibanja akawa mwingine, kila mmoja na haki yake. Anayenunua kibanja bila ridhaa ya mwenye ardhi anajinunulia na kesi juu yake.

Hapo ndipo Ghulamu anapopata kazi. Mpe mama huyu safari zisizozidi tatu: kwenye ofisi ya ardhi, kutafuta jina lililoandikwa katika daftari la hati, kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji chenyewe, na kwa majirani wa mipakani, akiwa peke yake bila dalali. Kila safari iwe na swali moja lililoandikwa kwenye karatasi, na tarehe ya kulijibu. Nasisitiza tarehe, kwa sababu Ghulamu asiyewekewa mwisho huzunguka tu, na mwenye kusita hufurahi sana kuwa na mjumbe ambaye harudi.

Hapa pia ndipo unapotakiwa kupambanua udadisi na umbea, kazi isiyo rahisi kama inavyodhaniwa. Kuuliza kama muuzaji ana mke kunaweza kuonekana umbea mtupu, lakini sheria ya ardhi ya Uganda inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya kuuza ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inaitegemea kwa riziki, kwa hiyo swali hilo lina uzito wa fedha. Kuuliza kwa nini mke wa kwanza aliondoka, hilo ni umbea, hata likiulizwa kwa sauti ya huruma. Kipimo ninachotumia ni hiki: jibu likija, je, upanga mmoja utawekwa chini? Kama jibu lolote lile litakalokuja haliwezi kubadilisha uamuzi, basi swali hilo si la Ghulamu, na mama asipoteze nauli ya taksi kwa ajili yake.

Kuna nyakati ambapo jozi hii haizungumzii ukosefu wa habari hata kidogo. Utaitambua hali hiyo pale mtu anapojibu maswali yako yote bila kusita, kwa takwimu na majina, kisha anarudi palepale alipoanzia. Hati ameiona, majirani amewasikia, fedha anazo. Kinachomzuia ni mtu: pengine mume asiyejua habari ya akiba, au kaka mkubwa anayetarajia kushauriwa. Katika hali hiyo msome Ghulamu kwa maana ya mjumbe, siyo ya mpelelezi. Maneno yanayotakiwa kutoka ni ya mama mwenyewe, na upanga wake mmoja ni kuyasema. Wewe msomaji usimpangie atasema nini wala lini. Mwonyeshe tu kijana yule kwenye upepo, mwambie kwamba naye hana uhakika wa ardhi anayoikanyaga, lakini anatembea.

Mkimaliza, andika katika daftari lako jozi iliyoanguka, swali lililoulizwa, swali jipya mlilolipata na ile tarehe. Karata usizichanganye tena kwa jambo hilohilo kabla ya tarehe hiyo kufika, hata mama akikuomba jioni ileile kwa simu, na kwa jozi hii uwezekano wa kukuomba ni mkubwa.