Jinsi ya Kuchagua Matembezi ya Kila Bandari Unaposafiri kwa Meli ya Kitalii

Kwa misimu sita kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya meza ya matembezi kwenye meli za kitalii. Asubuhi nawapa abiria tiketi za kwenda nchi kavu, jioni nawapokea wakiwa wamechangamka au wamenuna. Nikiwauliza walionuna, wengi walikuwa wamekwenda mahali pazuri kweli. Kilichowaponza ni masaa, au magoti. Kwa hiyo utaratibu wangu unaanzia huko, na picha za vivutio nazifungua baadaye. Chukua ratiba ya safari, kalamu na karatasi, na kila bandari uipe mstari wake.

Hatua ya 1: Tafuta masaa yako halisi

Tuseme ratiba inasema "Roma, 07:00 hadi 18:00". Masaa kumi na moja! Mtu anaanza kuorodhesha Koloseo, Vatikani, chemchemi ya Trevi na duka la viatu. Kumbe meli haifiki Roma. Inafunga Civitavecchia, kilomita karibu 80 kutoka mjini.

Hesabu yangu huenda hivi. Saa moja asubuhi meli inafunga. Ruhusa ya kushuka inatoka, watu wanajazana mlangoni, unakanyaga gati saa mbili kasorobo. Basi la bandarini na mwendo wa miguu hadi stesheni, saa mbili na nusu. Treni ni kama saa nzima, uongeze na kuisubiri: uko katikati ya Roma saa nne kasorobo.

Sasa anza kutoka mwisho urudi nyuma. Meli inang'oa nanga saa kumi na mbili jioni, lakini mwisho wa kupanda kwa kawaida huwa nusu saa hadi saa nzima kabla. Weka saa kumi na moja na nusu. Mimi hujiachia saa moja na nusu ya akiba, kwa hiyo nataka kuwa gatini saa kumi kamili. Ukitoa treni na basi la kurudi, Roma naiaga saa nane na robo mchana.

Yale masaa kumi na moja yamebaki manne na nusu. Hapo ndani kuna kutembea, foleni, kutafuta choo na kukaa kidogo chini ya kivuli. Ni muda wa kivutio kimoja kikubwa na kingine cha kupita tu. Ukilazimisha vitatu utaona vyote kwa kukimbia.

Fanya hesabu hii kwa kila bandari, na namba ya mwisho uizungushie duara.

Hatua ya 2: Je, meli inafunga gatini au inatia nanga nje?

Swali hili abiria wengi hawaliulizi kabisa. Kuna bandari ambazo meli kubwa haiwezi kukaribia, inabaki majini, na watu wanapelekwa ufukweni kwa mashua zake. Maana yake ni foleni ya kwenda na foleni ya kurudi. Waliokata matembezi yanayouzwa na meli hutangulizwa. Wengine mnasubiri namba zenu ziitwe. Punguza saa nzima kwenye ile namba ya duara. Tena, upepo ukichachamaa, bandari za namna hii ndizo za kwanza kurukwa, kwa sababu nahodha hawezi kushusha watu kwenye mashua zinazoruka na mawimbi.

Mfano mzuri ni Santorini, Ugiriki. Mashua inakushusha bandari ya zamani, chini kabisa ya jabali, na mji wa Fira uko juu kichwani. Kupanda kuna njia tatu: gari la nyaya, punda, au ngazi karibu 600 ambazo hao punda wanazipita pia, na alama zao wanaziacha. Asubuhi foleni ya gari la nyaya inavumilika. Alasiri, zikiwa meli tatu au nne zimetia nanga pamoja, foleni ya kushuka inajipinda vichochoroni, na kila aliyemo anatazama saa.

Mzee mmoja alikuja mezani kwangu jioni ya kuamkia Santorini, fimbo mkononi.

"Binti yangu, mimi ngazi siziogopi. Nilikuwa mpanda milima."

"Mzee wangu, za kupanda sina wasiwasi nazo. Za kushuka je, jua likiwa la utosi na punda anakuja mbele yako?"

Akacheka, akachukua matembezi yanayoshukia upande mwingine wa kisiwa, ambako basi linasubiri chini na kupandisha watu kwa barabara. Jioni alirudi na gari la nyaya pamoja na kundi lake, akanipungia fimbo kutoka mlangoni. Ungemwacha na vijana wa ngazi, siku yake ingekuwa nyingine.

Hatua ya 3: Ni siku gani ya wiki?

Hatua hii ni ya dakika tano tu, ila ukiiruka utajuta. Tafuta kalenda, uandike siku kando ya kila tarehe. Makumbusho ya sanaa ya Uffizi na Accademia, Florence, hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Louvre, Paris, hufungwa Jumanne. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Akropoli ya Athens siku hizi inataka tiketi yenye saa maalumu ya kuingilia, kwa hiyo kufika tu langoni asubuhi hakutoshi. Hapo hapo tazama masharti ya mavazi: Kanisa la Mtakatifu Petro halipokei mabega wazi wala kaptula fupi, hata ukiwa umetoka mbali kiasi gani.

Hatua ya 4: Zipime bandari kwa uzito

Safari ya wiki moja yenye bandari tano inabeba siku nzito mbili, tatu kwa aliye na pumzi. Siku nzito ni ile ya kuamka alfajiri, basi la saa moja na nusu, magofu juani, kisha basi tena. Ukiweka mbili mfululizo, ya pili utaiona ukiwa umesinzia dirishani. Nimeona kundi zima la magofu ya Pompeii likisinzia, eti kwa sababu jana yake walikuwa Roma.

Weka alama: N kwa nzito, W kwa wepesi. N mbili zisigusane. Ukikuta zimegusana, ile ambayo hungeilia ukiikosa ndiyo ishushwe daraja. Na kama mnasafiri wengi, msilazimishane. Shangazi abaki melini na kitabu chake, vijana waende kwenye kayaki, jioni mkutane kila mtu na hadithi zake.

Kwa siku za W, tafuta bandari ambazo mji uko pale pale. Kotor, Montenegro, meli ikifunga gatini, lango la mji mkongwe liko ng'ambo ya barabara. Unaweza kushuka, kuzunguka saa mbili na kurudi kulala. Huko pia kuna ngome yenye ngazi zaidi ya 1,300, lakini ukizipanda siku hiyo imeshakuwa N, usijidanganye.

Hatua ya 5: Ununue kwa meli au ujiendee?

Watu hutarajia nitasema wanunue kwa meli, kwa kuwa nilikuwa nayauza. Kanuni yangu haina ushabiki: kadiri mahali palivyo mbali, ndivyo ninavyonunua kwa meli.

Sababu ni moja. Basi la matembezi ya meli likikwama njiani, meli hulisubiri, na ikishindikana kampuni inagharamia kuwafikisha bandari inayofuata. Ukiwa umejiendea na treni ikagoma, hilo ni lako. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Melini marejeo yana saa yake, na ukichelewa ngama inaondoka bila wewe.

Kwa hiyo Le Havre kwenda Paris, kama kilomita 200, nanunua kwa meli. Warnemünde kwenda Berlin, mbali zaidi ya hapo, vivyo hivyo. Alexandria kwenda piramidi za Giza, kwa meli bila mjadala. Lakini Piraeus kwenda Athens ni kama kilomita 10 na kuna metro; kulipia basi la watu arobaini huko naona ni uvivu, ingawa uvivu nao una siku zake.

Katikati wapo waongozaji binafsi, na wengi ni hodari kuliko wa kwetu: kundi dogo, unasimama unapotaka. Kabla ya kulipa waulize mambo matatu. Kundi lina watu wangapi? Wanakupokea ndani ya bandari au nje ya geti, na geti hilo liko umbali gani? Meli isipofika, pesa inarudi? La tatu ndilo zito. Matembezi ya meli hurudishiwa fedha bandari ikirukwa. Mwongozaji binafsi asipokuandikia hivyo, usilipe yote mapema.

Hatua ya 6: Soma maelezo ya matembezi kama mkataba

Maneno yana lugha yake. "Mtaona" maana yake mtapita nalo dirishani. "Mtatembelea" ndiyo kuingia. "Mandhari ya mji" ni kuketi kwenye basi. "Nafasi ya kununua kazi za mikono" ni dakika arobaini dukani, na duka hilo hukulichagua wewe. Ukiona "masaa manane", tafuta ni mangapi ya barabarani. Yasipoandikwa, nenda mezani ukaulize. Mwenzangu wa pale analijua jibu, ila hatalisema usipomuuliza.

Hatua ya 7: Fuata saa ya meli

Simu itakusaliti. Mfano ni Cozumel, Meksiko. Tangu 2015 jimbo la kisiwa hicho halisogezi saa mbele wakati wa kiangazi, wakati Florida, Marekani, inasogeza. Meli iliyotoka Miami mwezi wa saba mara nyingi hubaki na saa ya Florida, na simu yako ikifika nchi kavu inajirudisha nyuma saa nzima yenyewe. Unaona tisa na nusu, kumbe melini ni kumi na nusu.

Yalinipata mwenyewe, siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa nimekaa ufukweni bila haraka yoyote, nikamwona mpishi wetu akipita mbio, viatu mkononi. Nikamwuliza kuna nini. Hakusimama kunijibu. Nikafika ngazini dakika sita kabla haijaondolewa, na tangu siku hiyo navaa saa ya mshale niliyoiweka melini asubuhi.

Kabla ya kushuka, piga picha ukurasa wa ratiba ya siku wenye saa ya mwisho ya kupanda na namba ya wakala wa meli bandarini. Huyo wakala ndiye wa kumpigia ukiachwa, na mara nyingi pasipoti iliyokuwa melini utaikuta kwake.

Hatua ya 8: Bandari ya mwisho

Iwe W. Usiku huo mizigo inatakiwa nje ya mlango wa chumba, na ukirudi saa kumi na mbili umejaa mchanga utafungasha hadi usiku wa manane. Kama kesho yake unapanda ndege, usizamie baharini kwa mtungi wa hewa siku hiyo. Baada ya kuzamia mara kadhaa unashauriwa kukaa angalau masaa 18 kabla ya kuruka, maana naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kukudhuru angani. Kuogelea juu juu na miwani na bomba la kupumulia hakuna shida.

Ukifika hapo na karatasi yako ina namba za duara, siku za wiki na herufi N na W, sasa fungua zile picha za vivutio.