Jinsi ya kujaza fomu ya bima ya maisha kazini bila kuikimbia

Nina miaka 11 katika ofisi ya utumishi, na hakuna karatasi inayokimbiwa kama fomu ya bima ya maisha. Ile ya bima ya afya mtu huijaza amesimama, kwa kalamu ya kuazima. Hii huishika kwa ncha za vidole.

"Dada, mbona unanitakia mabaya siku yangu ya kwanza kazini?" aliniuliza fundi umeme mmoja.

Nikamjibu, "Kaka yangu, kama fomu hii ingekuwa inaua, mimi ninayezishika kila siku ningeshazikwa zamani." Akacheka, akavuta kiti.

Ukishakaa, uliza kwanza umepewa nini. Mara nyingi mwajiri ndiye anayelipia bima hii, na fedha zitakazotolewa ukifariki hupimwa kwa mshahara, pengine mara 2 au 3 ya mshahara wa mwaka. Hapo uliza tena: ni mshahara wa msingi peke yake, au posho nazo zimo? Jibu hilo linaweza kuongeza au kupunguza fedha nyingi.

Kuna jambo moja ninalolipenda sana katika bima hii. Kwa kawaida hupimwi afya ikiwa fedha za bima hazizidi kiwango fulani, kwa sababu hatari imegawanywa kwa kundi zima. Mwenye kisukari, ambaye akienda peke yake angetozwa zaidi au kukataliwa kabisa, hapa huingia mlango mmoja na wenzake. Mpango wa namna hii una zaidi ya miaka 100. Montgomery Ward, kampuni ya biashara ya Chicago, Marekani, iliwakatia wafanyakazi wake bima ya pamoja mwaka 1912.

Sasa twende kwenye sehemu ya wanufaika, yaani watakaopokea fedha hizo ukifariki, na hapa nakuomba utulie. Nimepokea fomu iliyoandikwa "Mama", basi. Nimepokea "mke wangu", bila jina. Na kuna baba mmoja aliyeandika "familia yote wagawane kwa upendo". Nilimrudishia, nikamwomba upendo huo auweke kwa asilimia. Akaazima kikokotoo: mke 50, mama 30, watoto wawili 15 kila mmoja. Jumla 110! Tulicheka mpaka wa chumba cha pili wakaja kuuliza kulikoni, kisha tukaanza upya.

Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, si la utani. Weka uhusiano, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, na asilimia zifike 100 kamili. Ongeza mnufaika wa akiba, maana uliyemwandika anaweza kutangulia. Kama ni mtoto mdogo, mtajie msimamizi, kwa kuwa mtoto hakabidhiwi fedha hizo mkononi. Msimamizi si lazima awe yule ndugu anayelia kuliko wote msibani. Mtafute anayetunza risiti.

Ukioa au kuolewa, ukiachana, ukipata mtoto au ukifiwa, rudi ubadilishe. Mahali nilipofanya kazi zamani, mwenzetu alifariki na fomu yake ikakutwa na jina la mchumba waliyeachana miaka mingi nyuma. Mjane alikaa mbele ya meza yangu, mtoto mgongoni, akisubiri nimsomee jina lake. Halikuwemo. Tangu siku hiyo, kila Januari nazungusha fomu meza kwa meza, na anayejificha chooni namsubiri mlangoni.

Ukiacha kazi, kinga hii kwa kawaida hukoma pamoja na ajira. Baadhi ya mipango hukuruhusu kuigeuza iwe bima yako binafsi, lakini ndani ya muda mfupi tu, kwa hiyo uliza kabla hujarudisha kitambulisho cha kazi.

Mwisho, mwambie mnufaika wako kwamba bima ipo, na nakala ya fomu umeiweka wapi. Asiyejua hawezi kudai. Yule fundi umeme alimwambia mkewe jioni ile ile. Mkewe akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza kama ameandika namba yake mpya ya simu. Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni kabla sijafungua ofisi, glavu bado mkononi, ameshika kalamu yake mwenyewe.