Kutafuta chanzo cha mngurumo wa besi kwenye mashine ya santuri

Anayesikiliza santuri katika nyumba ya mbao hapa Goma huenda ameliona jambo hili: utando wa spika za besi unakwenda mbele na kurudi nyuma ingawa wimbo umetulia, au mngurumo mzito unatanda chini ya magita na kukua kila sauti inapoongezwa. Usinunue chochote kabla ya kujua mtetemo unaingilia wapi, kwa sababu dawa ya sakafu haitibu mota.

Anza kwa kuinua mkono wa mashine ili sindano isiguse kitu. Mlio ukiendelea vilevile, huo si mtetemo bali ni umeme, mara nyingi mitetemo 50 au 100 kwa sekunde. Kagua waya wa ardhi unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye amplifaya, na uisogeze mashine mbali na transfoma. Mlio ukikoma, zima mota, weka sindano juu ya santuri isiyozunguka, pandisha sauti polepole hadi kiwango chako cha kawaida, kisha mwombe mtu atembee sebuleni. Hatua zake zikisikika kwenye spika, chanzo ni sakafu. Sauti ikianza kupanda yenyewe, ishushe mara moja, maana spika inaitikisa sindano na sindano inairudishia spika mtetemo uleule. Mwishowe, ikiwa mashine ni ya mkanda, uvue mkanda na uwashe mota peke yake huku sindano ikiwa bado juu ya santuri iliyosimama: kinachosikika sasa ni mota.

Kwetu, mshtakiwa wa kwanza ni sakafu. Nyumba nyingi zimesimama juu ya lava, yaani mawe ya volkano, mbao zikiwa zimepigiliwa kwenye boriti zilizolala juu ya mawe, na chini yake pana uwazi. Hiyo ni ngoma kamili, na jenereta ya jirani huipiga bila kualikwa. Hamisha mashine hadi pale boriti inapokalia jiwe, kwa kawaida karibu na ukuta, na usiweke spika kwenye meza hiyohiyo. Rafu ya ukutani, inayosifiwa sana kwenye nyumba za matofali, haisaidii sana hapa, kwa kuwa ukuta wa mbao nao hutetema. Jaribu badala yake bamba zito la jiwe juu ya mpira wa ndani wa gurudumu dogo uliojazwa upepo nusu: uzito juu ya kitu laini huzuia mitetemo ya kasi, ingawa ile ya polepole sana bado hupita. Tiba bora kuliko zote ni kukata mbao na kujenga nguzo fupi ya mawe kutoka kwenye lava yenyewe, isiyogusa sakafu popote. Mwenye nyumba wangu hakupendezwa na wazo hilo.

Spika zikienda na kurudi mara moja kila sekunde 1.8, yaani kwa kila mzunguko wa santuri ya 33⅓, basi santuri imepinda. Hapo uzito wa mkono una neno lake. Ili kujua mkono hupenda kutetema mara ngapi kwa sekunde, jumlisha uzito tendaji wa mkono (ule unaohisiwa na sindano mkono unaposogea) na uzito wa kichwa cha sindano kwa gramu, zidisha kwa kiwango cha ulaini wa sindano kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha gawanya 159 kwa kipeuo cha pili cha jibu. Gramu 16 na ulaini 15 hutoa takriban mitetemo 10 kwa sekunde, na hapo ni pazuri, kati ya 8 na 12. Gramu 26 na ulaini 30 hutoa chini ya 6, ambako kupinda kwa santuri na nyayo za watu huutikisa mkono kwa urahisi.

Beringi kavu ya sahani inayobeba santuri huhitaji tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine. Mota inayotetema huhitaji mipira mipya ya kuishikilia.

Kichujio cha besi ya chini ya mitetemo 20 kwa sekunde kije mwisho. Kina kazi ya kweli, kwa kuwa santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, na priamplifaya, kikuza sauti cha kwanza baada ya sindano, huirudisha kwa kuiongeza karibu desibeli 20 ikilinganishwa na sauti za kati, pamoja na kila mtetemo uliojificha humo. Lakini kikiwashwa mapema kitakufichia chanzo; kizime, rudia jaribio la nyayo, na ukiwashe tu baada ya sakafu kunyamaza.